Maji Yaliyolala Bombani

Mume wangu hupima maji ya watu. Mtaani wanamwita Baba Chupa, kwa sababu haonekani njiani bila kreti ya chupa tupu, na mimi kwa ajili yake nimekuwa Mama Chupa, jina ambalo sikuliomba wala silipendi. Mimi ni fundi cherehani. Wangeniita Mama Sindano ningeitika.

Mwaka huu idara ya maji ilimtuma kutafuta madini ya risasi kwenye mabomba ya mji. Mabomba ya zamani yanayoingia majumbani yalitengenezwa kwa madini hayo, alinieleza, na maji yakikaa humo usiku kucha bila kutumika huilamba risasi kidogo kidogo. Huioni, huinusi, wala haina ladha. Mtu mzima anaweza kuinywa miaka asijue. Mtoto mdogo humwingia akilini, na kinachoharibika hapo mara nyingi hakitengenezeki tena.

"Mambo hayo usiniambie nikiwa nakula," nilimwambia.

Kazi yenyewe ina sharti moja. Usiku bomba lisiguswe, na asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, chupa ijazwe kwa maji yale ya kwanza kabisa, yaliyolala bombani. Ukiyaacha yatiririke umeharibu, kwa sababu yanayofuata yametoka barabarani na hayana ushahidi wowote. Baba Chupa aligombana na watu wengi kwa jambo hilo. Wenye nyumba, kwa uungwana wao, walikuwa wanafungulia bomba kwanza likimbie, mgeni asije akapewa maji yaliyochacha. Alirudi nyumbani akifoka kwamba adabu za watu zitamfukuzisha kazi.

Majibu ya mtaa wetu yalikuja mabaya. Kwa kinyozi yalikuwa mabaya, kwa mwalimu mstaafu mabaya, na kwa jirani tunayepakana naye ukuta mabaya kuliko kote. Kwetu yalikuja safi.

"Mungu katupenda," alisema mume wangu.

Nilishukuru kama yeye. Lakini mimi kazi yangu ni vitambaa, na vitambaa vya jora moja kimoja hakichuji rangi peke yake.

"Bomba letu na la jirani si yaliwekwa pamoja?" nilimuuliza.

"Huenda letu lilibadilishwa."

"Na nani?"

"Sasa wewe mwanamke unagombana na maabara?"

Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Mwanangu alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Alikuwa na maneno yake. Alisema baba, alisema gari, paka alimwita "kapa" na hakukubali kusahihishwa. Kwanza akaacha gari. Kisha kapa akawa anapita mbele yake naye anamtazama tu. Tumbo lilikuwa gumu, chakula hataki, analia kilio chembamba kisichokuwa na sababu.

"Meno hayo," alisema mama mkwe wangu.

Kwa mama mkwe kila kitu kilikuwa meno. Alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na toka siku hiyo mtoto akawa wake. Alimwita "mume wangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu, na sheria yake ilikuwa moja: cha kwanza ni cha mtoto. Kipande cha kwanza cha mkate, upawa wa kwanza wa mboga, kiti cha kwanza penye upepo. Mwanawe mwenyewe, mwenye ndevu zake, alikuwa anangoja zamu. Nilimpenda kwa hilo, nisiseme uongo. Wakwe wa wenzangu huja kuhesabu vumbi chini ya vitanda.

Tulimpeleka mtoto kwa daktari, wakamtoa damu. Damu ikajibu risasi.

"Nyumba ina rangi ya zamani? Vichezeo? Anakula udongo?" daktari alituuliza. "Maji je?"

"Maji yetu yamepimwa," alisema mume wangu. "Nimeyapima mimi."

Basi tukaipindua nyumba. Tulikwangua rangi ya madirisha, tukatupa vichezeo na sufuria ya zamani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, nami fundi wa nguo nikaanza kushuku vifungo na zipu zangu mwenyewe, nikafagia chini ya cherehani mpaka sakafu ikalia. Mwisho nikamshuku na mama mkwe. Akiwa anaoga nilifungua sanduku lake kutafuta dawa za kienyeji. Nilikuta nguo zilizokunjwa vizuri na picha ya marehemu. Niliona aibu, lakini hasira haikuisha. Nilikuwa nimemwekea maneno huyo aliyemdhuru mwanangu, yeyote yule, maneno makali niliyokuwa nayanoa kila siku nikishona.

Na mama mkwe, kwa huruma, alizidi kumnywesha.

"Anywe maji mengi, mwanangu. Yamsafishe damu."

Mtoto akaacha kugeuka akiitwa.

Asubuhi moja aliamka mapema kuliko kawaida, nikambeba kwenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama penye sinki, birika lake limekingwa chini ya bomba. Alifungua kidogo tu, maji yakashuka membamba, kimya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu kaamka? Njoo, ndiyo kwanza nakinga maji yako."

"Mbona mapema hivi?"

"Ndiyo saa yangu. Nayawahi kabla hamjaamka kuyachezea. Yamelala, yametulia. Cha kwanza ni cha mtoto."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Toka nilipokuja."

"Hata ile siku ya chupa?"

Akacheka. "Baba Chupa na amri zake! Eti bomba lisiguswe. Sasa mume wangu angekunywa nini? Nilikinga birika langu moja tu, nikamwachia naye ajaze yake. Kwani yaliisha?"

Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuja na shati mkononi. Mama yake akamweleza tena, akitabasamu, akidhani anasifiwa. Mume wangu alichukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki pale bomba linapotokea ukutani. Alilipaka rangi yeye mwenyewe tulipohamia. Mganga hajigangi. Majumbani mwa watu amekwangua mabomba yote kuona kama ni ya risasi, la kwake hakuligusa kwa sababu chupa ilikuwa safi.

Rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa laini, mkasi ulizama bila kutumia nguvu, na palipokwanguliwa palimetameta kama sindano mpya.

"Risasi," alisema, akakaa sakafuni na mkasi wangu mkononi.

"Lakini mimi nachemsha," alisema mama mkwe. "Nachemsha sana, mpaka yanapungua."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, Mama," alisema mume wangu taratibu, bila kumtazama. "Hii haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki. Inazidi."

Mama mkwe alilitazama birika lililojaa mkononi mwake.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Nina mdomo, mtaa mzima unajua. Nikayatafuta yale maneno yangu yote niliyoyanoa, sikuona hata moja la kumwambia. Wala la kumfariji sikulipata.

Mtoto mkononi mwangu alikuwa ameliona birika. Yeye ambaye gari halimshtui tena, ambaye jina lake haligeukii, alikijua kitu hicho kimoja. Alianza kujinyonganyonga, akamnyooshea bibi yake mikono yote miwili, akidai cha kwanza chake.