Malori Matatu Yasiyokuwepo

Majirani walimwita Mama Mawimbi kwa sababu ya redio ya upepo aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mlingoti wa antena uliosimama uani kwake kama twiga aliyepotea njia. Kwa miaka ishirini alikuwa amezungumza na watu wa mbali asiowajua sura. Sheria yake ilikuwa moja, na ndiyo aliyomfunza bintiye tangu utotoni: ukiingia hewani, taja kwanza mahali ulipo.

Siku ya tatu ya ghasia simu zilikuwa zimekatwa. Binti, sasa mwandishi wa habari wa redio ya mji, alitoka asubuhi kwenda sokoni kuhakikisha idadi ya waliouawa. Wahuni walikuwa wameapa kumkata ulimi mtu yeyote wa redio watakayemkamata. Mama yake alimtilia redio ndogo ya mkononi kwenye mkoba, pamoja na kipande cha mkate.

Saa nne redio ikakoroma. Binti alisema, pumzi zikimkatika, kwamba fundi mitambo aliyefuatana naye amepasuliwa kichwa kwa nondo na amefia barabarani. Yeye ameokolewa na mwoka mikate, mzee wa watu asiyemjua hata kwa salamu, aliyemvuta ndani, akamficha katika ghala la unga na kufunga kufuli kwa nje.

"Taja ulipo, mwanangu," Mama Mawimbi akasema. Ulimi ulishazoea.

Na binti, kwa mazoea yaleyale, akataja mtaa, jengo, ghala la nyuma na mlango wa bluu.

Hapo ndipo mama alipokumbuka kwamba hewa haina mlango. Tangu jana wahuni walikuwa na redio za kuporwa, wakisikiliza kila masafa. Hazikupita dakika kumi akasikia, kupitia redio ya bintiye, shoka likizama kwenye mbao. Mtu akacheka, akasema, "Mwandishi, toka utusomee habari." Shoka likazama tena.

Mama Mawimbi alikimbilia kwa jirani, Sajini mstaafu. Walikuwa hawajasalimiana miezi minane, kwa madai ya Sajini kwamba antena ile inamharibia picha ya televisheni. Alimkuta ananyoa ndevu. Alipomweleza na kumwomba awatishe wahuni hewani, Sajini aliweka wembe chini. Alikuja na povu shavuni, akashika kipaza sauti, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kambini.

"Malori matatu yako kona ya mwoka mikate. Kikosi cha kwanza, zungukeni nyuma ya ghala. Mwenye shoka apigwe risasi."

Akaachia kitufe. Shoka lilikuwa limenyamaza. Wakasikia miguu mingi ikikimbia, kisha binti akilia kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akilia zamani alipoficha homa. Sajini akafuta povu kwa kiganja, akasema basi, huyo twiga wako nitamvumilia.

Lakini na kituo cha redio kilikuwa kikisikiliza. Mhariri, mwenye njaa ya habari njema baada ya siku tatu za maiti, hakutafuta shahidi wa pili kama kanuni yao inavyotaka. Redio ya jikoni kwa Mama Mawimbi ikatangaza kwamba malori matatu ya askari yamefika mtaa wa mwoka mikate.

Mama Mawimbi akaweka kidole kwenye kitufe. Angesema ni uongo, wahuni nao wangesikia, na mwanawe bado yumo ghalani. Kidole kikakaa palepale. Hakubonyeza.

Mwoka mikate alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, sikio kwenye redio. Aliposikia habari ile alichukua ufunguo, akamwambia mkewe yule mtoto wa watu atakuwa na kiu, akatoka na kikombe cha maji. Wahuni walikuwa wamerudi hadi konani na kuona hakuna lori hata moja. Walikutana naye katikati ya barabara. Panga la kwanza lilimpata shingoni, la pili mkononi. Binti aliona yote kupitia ufa uliopasuliwa na shoka. Kisha mmoja wao akadai amesikia injini, nao wakatawanyika.

Binti alivunja mbao zilizolegea, akatoka mweupe kwa unga. Aliuokota ufunguo kando ya maiti.

Jioni walikwenda watatu kwa mjane wa mwoka mikate, Sajini mbele na fimbo yake. Mama Mawimbi alisimama mlangoni, akasema yote bila kupunguza: kwamba malori hayakuwepo, kwamba uongo ule aliutaka yeye, na kwamba alipoweza kuukanusha alinyamaza kwa ajili ya mwanawe.

Mjane alimtazama. Akamtazama binti, nywele bado zina unga wa mumewe. Akapokea ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Hakusema amesamehe. Alisogea kidogo kwenye mkeka, wakapata pa kukaa.