Makangaga Yaliyokataa Kufa

Jani la thelathini na nane lilikuwa bado kijani kibichi. Mtafiti wa mimea akaandika kipimo, akaweka rula mezani na kufumba macho kidogo. Mgongo ulikuwa unamwaka moto.

Kwa miaka kumi na mmoja alishikilia jambo moja: kwamba makangaga, mimea isiyo na maua wala mbegu, yanayoota kwenye nyufa za kuta, juani, yameachana na ndugu zao wa msituni. Yamezoea kiu, na yanairithisha hali hiyo kwa kizazi kipya kupitia lile vumbi laini la uzazi lililo chini ya majani. Basi akayakuza ya aina zote mbili tangu vumbi, trei kwa trei, kisha akayanyima maji wiki sita. Ya ukutani yaishi, ya msituni yafe. Keshokutwa mkuu wa idara alitaka majibu.

Ya msituni hayakufa.

"Bado unapima tu?" Aliyeingia na ndoo alikuwa mama wa usafi, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. "Utapofuka, mwanangu."

"Nilikosea, Shangazi. Miaka yote hii nilikuwa natwanga maji."

"Umekosea nini, na yamependeza hivi? Ungeyaona wiki ya pili! Haya ya huku yalilala chali. Nikasema, maskini, binti wa watu kazidiwa na kazi, kayasahau. Nikawa nayapa kikombe kila nikipiga deki."

Mtafiti aligeuka polepole. "Yapi?"

"Haya." Kidole kilielekea trei za msituni. "Yale mengine sikuyagusa. Yana macho makavu yale, hayana shida na mtu."

Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo ilikuwa imechoka. "Karatasi ya mlangoni hukuisoma?"

"Niliisoma. Imeandikwa wanafunzi wasimwagilie. Mimi mwanafunzi?"

Mtafiti akacheka, akajifuta macho. Alichokitafuta miaka kumi na mmoja, Shangazi alikuwa amekiona kwa macho yake: ya msituni yamelala kwa kiu, ya ukutani yamesimama. Lakini hakikupimwa wala kuandikwa tarehe, na kisichopimwa hakiingii kwenye ripoti. Akavuta karatasi, akamwandikia mkuu: jaribio limeharibika, naomba wiki sita nyingine.

"Umenitaja?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeitaja karatasi ya mlangoni. Kosa ni langu niliyeiandika."

Miche ya akiba ilitosha trei sita. Shangazi akamshikia gunia, yeye akachota udongo, akashindilia, akapanda. Alipomaliza trei ya pili mgongo ukagoma kabisa. Akafunika miche ya trei nne zilizobaki kwa gazeti, akazima taa.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza Shangazi.

"Mapema. Na ndoo yako iache nje."