Nyumba Iliyokuja Rusimbi

Miaka ile Warundi walipokuwa wakishuka Kigoma kwa mitumbwi, Mwanamvua alikuwa akiwafundisha Kiswahili katika banda la dagaa, Rusimbi. Alasiri dagaa wakishaanuliwa, wanafunzi waliingia na kukaa juu ya magunia. Banda halikuwa na mlango, maana mlango ulikuwa umepakwa masizi ukawa ubao. Mshahara hakuwa nao. Furaha yake ilikuwa kusalimiwa njiani kwa Kiswahili kilichopinda, akaitikia kana kwamba kimenyooka. Mpaka leo, uzeeni, harufu ya dagaa wabichi ikimpitia puani moyo humrudisha kule, na huzikumbuka alasiri zile kwa uchungu mtamu.

Aliyempenda kuliko wote ni Spesiosa, mjane kutoka Bururi, Burundi, aliyefika na watoto wawili na chungu. Somo la hodi alilishika siku hiyohiyo: bisha mara tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka, usisukume mlango wa watu.

Siku moja Mwanamvua aliwataka waeleze makwao. Spesiosa akasimama. Alieleza mlango wa buluu, kizingiti cha jiwe lililopasuka ubavuni, mibuni miwili uani, na dirisha la jikoni ambalo marehemu mumewe alilipachika kombo. Kwa mara ya kwanza alisema bila kukwama, na darasa zima likawa linafuta machozi.

Asubuhi yake nyumba ilikuwa imesimama nyuma ya banda. Ilikuja na mibuni yake, na ukungu kidogo wa Bururi ambao haukuondoka mpaka adhuhuri. Wanawake wa dagaa walinung'unika kwamba ukungu utawaharibia mali, wakahamishia dagaa upande wa pili.

Spesiosa alikuja mbio na chungu chake kichwani. Kizingitini alimkuta mwanamume anapiga mswaki kwa kijiti. Alikuwa Nikodemu, jirani yake wa kule, aliyehamia ndani wiki ileile Spesiosa alipokimbia. Nyumba ilisafiri naye akiwa usingizini.

"Inzu ni iyanje," alisema Nikodemu. Mwanamvua, ambaye Kiha kilimtosha kuelewa Kirundi, alijua anasema nyumba ni yake.

Akaitwa Mzee Saidi, balozi wa nyumba kumi. Kilichomkera yeye ni kwamba nyumba zake kumi sasa zimekuwa kumi na moja. Aliizunguka nyumba, akagonga ukuta, akauliza, "Nani alilala humu jana?"

Mwanamvua alipomtafsiria, Nikodemu akanyoosha mkono.

"Basi mwenye nyumba ni yeye. Mimi sina kipimo kingine."

"Mzee," alisema Spesiosa, "dirisha lile aliweka mume wangu. Angalia, liko kombo."

"Naliona, mwanangu. Kombo kweli." Akaenda zake kuswali.

Spesiosa alijitwisha tena chungu chake. "Mwalimu, nataka kuingia kwangu," alimwambia Mwanamvua. "Hata mara moja nikae ndani."

Tangu hapo, kila jioni baada ya darasa alisimama kwenye kizingiti akapiga hodi mara tatu. Nikodemu hakujua Kiswahili cha kuitikia. Spesiosa alirudi alikotoka, kama alivyofundishwa.

Baadaye Nikodemu, aliyekuwa akishindwa hata kununua chumvi, alikuja darasani. Mwanamvua alitamani kumfungia nje, lakini mlango ndio huo alioandikia. Mtu yule alikuwa msikivu kupita kiasi. Alikaa gunia la mbele, akafuta ubao bila kuombwa. Mwanamvua alimfundisha majina ya samaki, bei za sokoni, hata magonjwa ya tumbo. Neno moja tu aliliruka kila siku, kwa sababu roho ilimwambia kwamba Nikodemu akilijua, nyumba itakuwa yake moja kwa moja.

Aliyekuja kuliomba ni Spesiosa mwenyewe. "Mfundishe tu, Mwalimu. Nimechoka kusimama nje."

Mwanamvua akaandika ubaoni: karibu. Chaki ilimkatikia mkononi.

Jioni hiyo ukungu ulikuwa umeshuka tena juu ya mibuni. Spesiosa alijifunga kitenge chake kizuri, akasimama kwenye kizingiti.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni," alijibu Nikodemu, neno moja moja, safi. "Karibu ndani."

Spesiosa alivua kandambili. Alilivuka jiwe lililopasuka bila kutazama chini, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa. Nikodemu alimmiminia kahawa ya mibuni ya uani. Aliinywa polepole, macho kwenye dirisha la jikoni, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Asante," alisema. "Nyumba yako ni nzuri. Sasa naomba ruhusa niende."

"Karibu tena."

Mwanamvua, aliyekuwa nje akisikiliza, hakupata pa kuwasahihisha.