Mnazi wa Arobaini na Saba

Karatasi ile iliingia Bagamoyo kwa basi la asubuhi, mwaka sabini na mbili, imepakatwa mapajani na karani Mikidadi kama mtoto mchanga. Tangu Dar es Salaam alikataa katakata isiwekwe juu pamoja na mizigo ya watu. Walipofika Kerege, kondakta alimwomba aishushe chini apishe mama mmoja mwenye tenga. Mikidadi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe unajua hii imetoka wapi? Imetoka kwenye kompyuta!" Kondakta hakujua kompyuta ndiyo nini, akaona bora amwache.

Ilikuwa orodha ya mashamba ya minazi ya wanachama wote wa chama cha ushirika cha mbata, zile nazi zilizokaushwa: jina la shamba, jina la mwenyewe, idadi ya minazi. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Msabaha, aliyeandika kwa wino na kwa hati za Kiarabu katika madaftari kumi na moja. Sasa Mikidadi alikuwa amepelekwa Dar wiki sita kusomea mambo mapya. Alikuwa amezunguka shamba kwa shamba na fomu zake, fomu zimepelekwa mjini, zimegeuzwa kadi za kutobolewa matundu, na kadi zimelishwa mashine inayojaza chumba kizima, chumba chenyewe baridi mpaka watu wanafanya kazi na masweta. Mashine ikatema karatasi pana yenye vitundu kwenye kingo, majina yamenyooka kama askari wa gwaride. Na amri mpya ikaja nayo: asiyekuwamo kwenye karatasi, mbata yake haipimwi.

Siku ya kwanza ya mizani watu walijaa uani. Mikidadi amevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, karatasi ameibandika ukutani kuanzia mlangoni hadi dirishani. Anaita majina kwa sauti ya mtu aliyeona dunia. Ikafika zamu ya Bi Biubwa binti Ausi, na magunia yake matatu yameshushwa kwenye mkokoteni.

Huyu Bi Biubwa ni shangazi yake Mikidadi. Mama yake Mikidadi alifariki yeye hajaota meno, baba yake Kombo akahamia Pangani akaoa huko, na shangazi ndiye aliyebaki naye. Kwa mbata ya minazi yake alimvisha, akamlisha, akamsomesha mpaka akawa huyo karani mwenye kalamu mbili.

Mikidadi akapitisha kidole kwenye karatasi, ingawa hakuwa na haja ya kutafuta. Alikuwa anajua.

"Hayumo," akasema.

"Baba, soma tena," akasema Bi Biubwa taratibu.

"Shamba la Nianjema mwenyewe ni Majid Hamoudi. Minazi mia tatu na kumi na mbili, yote yake."

"Shamba ni la Majid, nani kakataa? Marehemu baba yake alinipa upande wa bondeni nifyeke pori nipande minazi yangu. Ardhi yake, minazi yangu. Wewe hujui hilo?"

Pale Mikidadi angeweza kusema neno moja tu, likaisha. Lakini watu wote wale walikuwa wakimtazama, yeye na karatasi yake, na maneno yaliyomtoka yalikuwa haya: "Mwanachama, mashine haikosei."

Mwanachama! Alimwita mwanachama, mama aliyemlea. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Loo!" Bi Biubwa alivuta ukaya wake wa kichwani akaufunga vizuri, akamwambia mwenye mkokoteni ageuze, magunia yakarudi nyumbani kama yalivyokuja.

Sasa mtu atauliza, kijana yule alikuwa na wazimu au vipi? Hakuwa na wazimu. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa na haya za kijinga.

Kule Dar, katika wiki ya pili ya mafunzo, mwalimu wao alisambaza ile fomu mpya. Safu moja kwa kila shamba, na kisanduku kimoja tu cha mwenye shamba. Mwalimu akauliza mmoja mmoja: kwenu kuna jambo lolote ambalo fomu hii hailiwezi? Semeni sasa, maana mashine ikishalishwa haina pa kuuliza. Akasimama bwana mmoja wa Lindi, kandambili miguuni, akasema kwao shamba la mikorosho huwa la ndugu watano sita, hakuna mkubwa. Mikidadi alidhani watu watacheka. Mwalimu alimshukuru yule bwana, akapiga mstari ubaoni, kikaongezwa kisanduku cha ndugu.

Zamu ya Bagamoyo ikafika. Mikidadi alijua vizuri kabisa. Pwani yote hiyo mtu anaweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenzake, akaiuza, akairithisha, na mwenye ardhi asiguse hata dafu moja. Lakini akajiona anavyosimama mbele ya vijana wa Moshi na wa Bukoba kueleza kwamba kwao mti ni wa huyu na udongo wake ni wa yule. Akaona wanavyotazamana. Watasema hawa watu wa pwani mambo yao hayaeleweki mpaka leo.

"Hakuna, mwalimu," akasema. "Kwetu Bagamoyo mambo yako sawa."

Akakaa. Na alipokuja kuzunguka na fomu, kila alipokuta minazi ya mtu kwenye shamba la mwingine aliijumlisha yote kwa mwenye ardhi, akijiambia atarekebisha baadaye. Watu kumi na wawili walimezwa hivyo, na shangazi yake mmojawapo.

Hata hivyo madaftari ya Mzee Msabaha yangewaokoa. Humo kila kitu kilikuwamo: ardhi ya fulani, minazi ya fulani, ilipandwa mwaka gani, nani alikuwapo. Lakini Mikidadi aliiambia kamati kwamba madaftari yale yanajaza vumbi tu ofisini. Kamati ikaitikia. Akapewa Bi Mwanamkasi muuza bajia, na kwa miezi miwili mji mzima ulikula bajia zilizofungwa kwa mwandiko wa Mzee Msabaha. Siku moja Mikidadi mwenyewe alinunua za kusukumia chai, akafungua, akaona mistari ile imelowa mafuta. Alikula bajia, karatasi akaikunja akaitupa haraka. Hakutaka kujua ilikuwa ya shamba gani.

Jumamosi ya wiki ileile ya mizani wanachama wakaitwa mkutanoni kuhusu malalamiko. Mwenyekiti, Bwana Mwinshehe, mtu wa haki lakini mzito kama jiwe la kusagia, alimsimamisha Majid kwanza.

"Mimi sina tamaa na mali ya mtu," Majid akasema, mkono kifuani. "Lakini baba yangu amefariki, na mimi nimekulia Unguja kwa wajomba. Sikuona nani alipanda nini. Karatasi ya serikali inasema yote yangu. Bi Biubwa akileta shahidi mmoja tu aliyeona, wallahi sitabishana naye."

Mzee Msabaha akanyoosha fimbo yake. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu. "Mimi niliandika. Daftari la nne. Lileteni lisomwe hapa."

Watu wakamtazama Mikidadi, Mikidadi akatazama viatu vyake.

"Mzee, kuandika uliandika, lakini kuona uliona?" akauliza mwenyekiti.

"Kuona sikuona. Niliambiwa, nikaandika."

"Basi Bi Biubwa, unaye shahidi aliye hai?"

Hapa ndipo mambo yalipo. Bi Biubwa alikuwa na minazi arobaini na sita bondeni kwa Hamoudi, baba yake Majid, na wa arobaini na saba ulikuwa wa Mikidadi. Kitovu chake kilipokatika, shangazi alikwenda kukizika kule bondeni na juu yake akapanda mche, kama wafanyavyo watu wa kwao. Mwenye shamba alikuwapo, tena ndiye aliyechimba shimo. Mikidadi alipopata akili alikuwa akipelekwa kuumwagilia, akaambiwa huu ni wako, na hii mingine ni yangu, inakulea. Alipokuwa na miaka saba alimsikia mzee Hamoudi kwa masikio yake akiwafokea wakwezi wake: "Bondeni msiguse! Ya Biubwa hiyo!" Shahidi aliye hai alikuwa ameketi meza ya mbele, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

Bi Biubwa akageuza uso akamtazama. Sasa atanitaja, alifikiri Mikidadi, atasema muulizeni huyu, na mimi nitaaibika mbele ya mji mzima.

"Sina shahidi, Bwana mwenyekiti," akasema Bi Biubwa, akakaa.

Alimfichia. Minazi yake inakwenda, jasho la ujana wake, na yeye anamfichia aibu mtoto wa kaka yake. Na mtoto mwenyewe? Alichukua kalamu, akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: shahidi hakupatikana. Aliyaandika hayo kwa mwandiko mzuri.

Mchana alikwenda kula kwa shangazi kama kawaida yake ya kila Jumamosi. Hakujua ataingiaje, lakini kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Akapiga hodi, akaamkia, akaitikiwa. Akaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mkeka ni uleule, sinia ni lileile. Bi Biubwa akakaa pembeni akijipepea kwa kipepeo chake.

"Kula. Tui jepesi kidogo leo. Nazi nimenunua sokoni kwa Miza, kanipa changa."

Mikidadi akarudisha tonge siniani. Kununua nazi! Maisha yake yote Mikidadi hakuwahi kuona nazi ya kununua ikiingia nyumba ile. Shangazi alikuwa akiwagawia majirani, akimpelekea mwalimu wa chuo cha Kurani, akitoa za maulidi na za msiba, na leo amekwenda kusimama mbele ya kibao cha Miza na kuigonga nazi kwa kidole kama mgeni aliyeshuka bandarini. Aibu ilimshika Mikidadi mwili mzima, ikamtoka kwenye masikio. Ile ya kule Dar, ya kuogopa kuchekwa na vijana wa bara, aliiona sasa kuwa upuuzi mtupu. Hii ndiyo yenyewe.

Akanawa. Hakumaliza chakula. Akatoka bila kuaga.

Watu walikuwa wametoka kuswali alasiri, wamekaa barazani kwa Majid wanakunywa kahawa: Majid mwenyewe, mwenyekiti Mwinshehe, Mzee Msabaha na wengine wanane tisa. Mikidadi hakuketi. Alivua kofia akaishika mkononi.

"Shahidi ni mimi," akasema.

"Wa nini?" akauliza mwenyekiti.

"Wa minazi ya shangazi yangu. Ni arobaini na sita, iko bondeni, na mzee Hamoudi nilimsikia mimi mwenyewe akiwakataza wakwezi wake. Kitovu changu kiko pale."

Majid akaweka kikombe chini. "Na asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo."

"Kumbe ulikaa ukaniacha mimi nidhulumu, huku unajua?"

"Ndiyo."

Mmoja akacheka, cheko la puani. "Ehe! Kumbe kompyuta nayo inakosea!"

"Haikukosea," Mikidadi akasema. "Imeandika nilichoilisha. Dar waliniuliza kama fomu inatufaa, nikasema inatufaa, kwa sababu niliona haya kusema kwetu tunaishi vipi. Wako wengine kumi na mmoja niliowafanyia hivyo. Na madaftari ya Mzee Msabaha mimi ndiye niliyesema yatolewe."

Hapo hakucheka mtu. Mzee Msabaha alikuwa amegeuza uso upande wa sauti. "Nilikufundisha alifu kwenye madaftari yale," akasema. Ingekuwa afadhali angempiga kwa fimbo.

Majid alikuwa mtu wa neno lake. Hapohapo alisema minazi ya bondeni si yake, mwenyekiti akashuhudia, akaamuru fomu ziandikwe upya na barua iende Dar.

Jumatatu Mikidadi alianza na nyumba ya shangazi. Alikaa kwenye kigoda, fomu juu ya goti. Kwenye kisanduku cha mwenye shamba akaandika Majid Hamoudi, kisha chini yake, ukingoni pasipo na kisanduku, akapiga mstari wake mwenyewe kwa rula.

"Minazi mingapi, shangazi?"

"Arobaini na sita."

"Na ule mmoja? Si iandikwe kwako yote kwa pamoja, arobaini na saba?"

Bi Biubwa aliendelea kupeta mchele wake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mimi sichukui mti wa mtu," akasema. "Ule una mwenyewe. Muandike jina lake, karani."

Karani. Miaka ishirini na minne alimwita baba. Mikidadi akainama, akaandika ukingoni kwa herufi kubwa, ili kule kwenye chumba cha baridi wasome bila taabu: Ardhi ya Majid Hamoudi. Minazi arobaini na sita ya Biubwa binti Ausi. Mnazi mmoja wa Mikidadi bin Kombo, ambaye aliulizwa, akasema hakuna.