Injini Ipo Nyumbani

Kaka yangu Kazimili alistaafu kazi ya ofisini Mwanza, akarudi Nyarubungo na kiinua mgongo, miwani ya kusomea na wazo la kufufua Land Rover ya marehemu baba, Mzee Ngassa. Gari hilo lilikuwa limekaa juu ya matofali nyuma ya zizi kwa miaka kumi na tisa, kuku wakitagia ndani. Yeye aliliita urithi. Sisi tuliobaki nyumbani tuliliita banda.

Aliita kikao cha familia, akasoma bajeti kama anasoma injili. Matairi matano, milioni mbili. Rangi ya kijani ileile ya zamani, milioni moja na laki nane. Viti vishonwe upya, laki tisa. Radieta, giaboksi, springi, waya, vioo. Alipanga hata hatua: fremu kwanza, bodi ifuate, rangi mwisho, maana anayeanza na rangi anampaka maiti wanja. Watu wakacheka. Kisha akasoma mstari wa tisa: "Injini, sifuri. Ipo nyumbani."

Ipo nyumbani! Ilikuwa kwenye mashine yangu ya kusaga. Baba alipofariki na giaboksi ya gari ikafa, mimi ndiye niliyetafuta fundi tukaitoa injini ile, tukaifunga kwenye zege, tukaivalisha mkanda, ikazungusha kinu. Imesaga mahindi ya Nyarubungo yote, na ya watu wa Bisibo walipochoka foleni za kwao. Imesomesha wanangu wawili na kumnunulia mama dawa za presha. Kazimili mwenyewe alikuwa akija Krismasi, anakula, anaondoka na madebe mawili ya unga. Leo ni sifuri.

"Na mashine?" nikauliza.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Nguzo za umeme si zimeshafika? Nimekuwekea mota hapa chini."

Kweli, chini kabisa ya ukurasa: mota ya umeme, milioni moja na laki saba. Vingine vyote aliviandika kwa wino. Mota yangu aliiandika kwa penseli.

Mama alikuwa ameketi pembeni, masikio mazito, macho yameshikwa na mtoto wa jicho. Alichoambiwa ni kwamba gari linafufuka tu.

"Nataka kupanda gali la Ngassa kabla sijafa," akasema, machozi yakimtoka.

Baada ya hapo nani angepinga? Mali ya baba ni ya mtoto wa kiume, ndivyo tulivyolelewa, na mimi ni mwanamke niliyerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda. Nilitaka mtu mmoja tu, kati ya wote walioshiba unga wangu, amweleze mama injini hiyo ni ipi. Hakuna aliyefungua mdomo. Kwa hasira, nami nikafunga wangu. Hilo ni kosa langu, silifichi.

Yohanes, fundi wa Lusahunga, alipokuja kukagua fremu aligonga nyundo mahali pawili, kutu ikamwagika. Kuchomelea kungekula milioni moja na nusu ambayo haikupangwa. Kazimili akatafuta pa kukata. Hakukata rangi, hakukata viti. Alitoa kifutio, akaniomba nimshikie karatasi kwa sababu ya upepo. Nikaishika.

Injini ilihamishwa mwisho, Alhamisi, kila kitu kingine kilipokuwa tayari. Yohanes alihangaika na bolti za nyuma mpaka spana ikateleza. Nilimsogeza pembeni, nikazifungua mwenyewe, zote nne. Sikuweza kuvumilia kumwona akiiumiza.

Jumapili baada ya misa gari lilikuwa linang'aa uani. Kazimili alizungusha ufunguo, injini ikaitika papo hapo, kwa kuwa miaka yote hiyo niliitunza, na watu wakampigia makofi yeye. Mama alivalishwa kitenge kipya, akakalishwa kiti cha mbele. Niliumia, na bado nilifurahi kumwona anatabasamu.

Kabla hawajaondoka mama alinipungia mkono nisogee dirishani. Nilidhani anataka kunibariki.

"Nyamizi mwanangu," akasema, "nimeacha debe la mahindi mlangoni. Lisage sasa hivi, tukirudi wageni wa kaka yako wapate kula."

Nilimtazama Kazimili. Akaangalia mbele, akaingiza gia.