Shingo ya Mwamini Mkuu

Katika nchi ya Kubalini, iliyopakana na Subira kaskazini na Majuto kusini, kuamini maneno ya Rais kulikuwa kazi ya mtu mmoja. Zamani raia waliamini wenyewe, kila mmoja kwa moyo wake. Lakini ahadi zilipozidi na mioyo ikachoka, Baraza liliona ni busara na huruma kumwajiri mtu mwenye siha njema aamini kwa niaba ya umma. Aliitwa Mwamini Mkuu. Rais akihutubia, yeye huitikia kwa kichwa mara tatu, na kichwa kikishuka mara ya tatu, neno huwa kweli tupu, watu wakaenda zao sokoni.

Wadhifa huo adhimu alikuwa nao Bwana Sadiki Yote, mtu mpole mno, aliyekwisha kuamini barabara tisa, viwanda vinne na treni ya kupaa.

Ijumaa moja Rais Ahadi Tele alitangaza kwamba kila nyumba ya Kubalini sasa ina maji ya bomba. Akageuka kungoja itikio. Kichwa cha Sadiki hakikushuka. Umati ulipigwa na bumbuwazi, askari wakamkamata, na siku ya tatu akashtakiwa kwa kuwa na shingo ngumu mbele ya Rais, kosa ambalo adhabu yake ni kupelekwa Jangwa la Usirudi. Mkewe alikwisha kumfungia kanzu mbili na maandazi ya safari, huku akilia.

Jaji, Bi Insafu, alimwita Rais atoe ushahidi.

"Mtu huyu alinikana hadharani," alisema Rais.

"Nasikitika, Mheshimiwa. Kwa sheria uliyoitia saini mwenyewe, neno lako haliwi kweli mpaka mshtakiwa aitikie."

Wote wakamtazama Sadiki. Maskini alishika kidevu kwa mikono miwili akakivuta chini mpaka jasho likamtoka, wala shingo haikukubali.

"Niwie radhi, Mheshimiwa Jaji," alisema. "Ningependa sana kuitikia ili nihukumiwe kwa haki, lakini shingo imekakamaa."

"Imekakamaa kwa nini?"

"Kwa ndoo. Nachota maji kisimani, safari sita kwa siku, tangu bomba la mtaani kwetu lilipozinduliwa."

Jaji alimgeukia Rais.

"Mficha uchi hazai, Mheshimiwa," Jaji alisema taratibu. "Una la kuongeza?"

"Hata Ikulu bomba halitoi," alijibu Rais kwa sauti ndogo. "Naoga kwa kopo."

Hapo watu wote mahakamani, Jaji akiwa wa kwanza, wakaitikia kwa vichwa vyao wenyewe, bila ya kuajiriwa na yeyote. Sadiki aliachiwa huru, na papo hapo akawa hana kazi. Rais akamwinamia sikioni, amejaa mshangao.

"Kumbe kusema kweli ni rahisi hivi. Miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Mheshimiwa," alisema Sadiki, "mimi niliajiriwa kuamini. Kusema hakukuwamo katika mkataba."