Nailoni za Nirali

Mjomba Pankaj alikuwa ameshazibandua zote nne kwenye mabapa mapya ya taa pale dukani, moja kwa kila bapa. Nirali alizikuta kwenye pipa la taka, zimekunjamana, na mjomba akifuta vioo vya taa kwa spiriti.

"Nailoni zimejaa mikwaruzo! Mteja atasema tunauza mtumba. Kitu kipya kinabanduliwa, kinang'arishwa. Ndivyo tunavyouza hapa Mchafukoge tangu hujazaliwa."

Nirali alihisi masikio yakimchemka. Mikwaruzo hiyo aliitia mwenyewe kwa msasa, wiki sita. Mabapa yale ya taa, membamba kama kadi ya harusi, yalitoa mwanga mweupe, mwanana, lakini mwingi wake ulinaswa ndani ya kioo. Nailoni iliyokwaruzwa, ikibandikwa kwa gundi angavu, iliufungulia njia ya kutoka. Umeme uleule, mwanga zaidi. Chuoni walimcheka. Mita ya umeme haikucheka.

Kabla hajajibu, aliingia Mama Klara, mkunga mwenye zahanati huko umeme usikofika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyesheni hiyo taa. Betri yangu ya sola inakata saa nane usiku, wanawake wanajifungua kwa tochi ya simu."

Mjomba akawasha. Mama Klara akakunja uso. "Mbona imefifia hivi? Si heri kibatari?"

"Tunaongeza umeme kidogo tu, mama," mjomba akapeleka kidole kwenye swichi.

"Usiguse!"

Hata wapagazi waliokuwa nje waligeuka. Nirali hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikiwa kubwa hivyo.

"Ukiongeza, betri itakata saa tano! Umebandua kazi yangu, mjomba. Hukuuliza. Huniulizi kamwe! Kwako mimi ni wa kuchemsha chai na kuandika risiti!"

"Punguza sauti, kuna mteja."

"Mteja ndiye ninayetaka asikie!"

Aliokota nailoni moja pipani, akainyoosha kwa kiganja, akaipaka gundi na kuibandika nusu ya bapa. Nusu ile ikang'aa. Nyingine ikabaki vilevile. Mama Klara akainamia mita ya umeme iliyounganishwa na taa.

"Umeme haujapanda?"

"Hata chembe."

"Nachukua zote nne. Nani atakuja kuzifunga?"

"Mwanangu Jeet," mjomba aliwahi, akicheka, mkono juu ya kioo. "Kijana mtaalamu sana."

"Jeet hajui hata upande wa kupaka gundi," Nirali alisema. "Naenda mimi. Na toa mkono, mjomba, unaacha alama."

Mjomba Pankaj akautoa.